Utakaa Nalo Mpaka Lini?

Kijana mmoja wa Waso, mwenye kambi ndogo ya watalii, alimpigia simu mjomba wangu akitaka kununua Land Rover yake. Mjomba akakataa kutaja bei. Kijana akaja kwa njia nyingine: "Sawa mzee, basi niambie, umepanga kukaa nalo mpaka lini?" Mjomba akamjibu kwamba wiki ile ile alikuwa anapeleka chanjo za ng'ombe upande wa Loliondo, wangezungumza wakionana. Mimi nilikuwa Arusha sina kazi ya haraka, nikaomba lifti. Nilitaka niwepo jibu likitolewa.

Gari lenyewe ni 110 ya mwaka 1997, injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye nguvu ya farasi 111, inayovuta mwili wa takribani tani mbili. Mjomba ni afisa mifugo mstaafu. Alilinunua kutoka kwa mradi wa utafiti uliokuwa unafunga ofisi, na herufi za namba yake zinaanza na A. Kwa gari dogo la mjini, namba A hushusha bei kabla mnunuzi hajafungua hata mlango. Kwa Land Rover sijaona mtu akiisoma namba kwanza. Wote huinama kutazama chini.

Mpaka Mto wa Mbu ni lami, hakuna cha kusimulia. Tulisimama kwenye gereji moja iliyoko nyuma ya soko la ndizi kwa sababu mjomba alitaka kukaza nati za springi za nyuma kabla ya kuingia barabara ya vumbi. Pale palikuwa na Land Cruiser mbili za watalii, zile zilizorefushwa. Gereji za Arusha hukata chasisi, hurefusha, huchomelea, kisha huongeza safu ya viti na kutengeneza paa linaloinuka. Dereva wa mojawapo alinionyesha kiungo kilipochomelewa na kuniambia kwamba hapo ndipo anapopapasa kwa kidole kila anaporudi kutoka Serengeti, akitafuta ufa. Injini ni 1HZ, silinda sita mstari mmoja, lita 4.2, isiyo na taabo, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Alisema ya gari lake imeshafunguliwa na kufungwa upya, giaboksi limebadilishwa, na milango imetoka kwenye gari lililopinduka.

Nikamuuliza swali la yule kijana. "Bosi hana mpango wa miaka," alisema. "Gari likilala porini na wageni mara ya kwanza, anasamehe. Ya pili, linatafutiwa mteja."

Mteja huyo mara nyingi ni mkulima wa Karatu. Gari lililochoka kubeba watalii wanaolipa kwa dola huanza maisha mengine ya kubeba mbegu, mbolea na vitunguu, na huko linaweza kukaa muda mrefu kuliko lilivyokaa kwenye utalii, kwa sababu likilala njiani hakuna atakayekosa ndege. Naona hapa ndipo hesabu nyingi za umri wa magari haya zinapopotoka. Tunamuuliza mwenye gari wa leo atakaa nalo miaka mingapi, naye anajibu kwa kazi yake ya leo. Gari linaendelea.

Kando yetu aliegesha dereva wa shirika la misaada akinywa chai. Kwake hakukuwa na la kufikiria: kanuni inataja miaka na inataja kilomita, kitakachotangulia ndicho kinachoamua, hata gari likiwa linawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Likifika hapo linapelekwa mnada. Mjomba alimsikiliza kwa makini, kisha akamuuliza mnada unatangazwa wapi.

Tukageuka kaskazini, tukapita Selela, tukaelekea Engaruka. Ukingo wa Bonde la Ufa unakusindikiza mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ni tambarare ya vumbi jeupe mpaka chini ya mlima Kitumbeine. Barabara ina makunyanzi ambayo dereva hana pa kuyakwepa. Ukienda polepole yanakutikisa mpaka meno, ukiongeza mwendo gari linaelea juu yake lakini breki zinakuwa za matumaini. Mjomba ana mwendo wake wa katikati, na kila baada ya kipande kirefu anasimama, anashuka, anaweka kiganja katikati ya kila gurudumu. Likiwa na joto kuliko mengine, beringi inaomba grisi. Nilimtazama akifanya hivyo kwa magurudumu yote manne bila kuzungumza, na nikaona kwamba watu wanaosifu ugumu wa Land Rover mara nyingi wanasifu kiganja cha mtu fulani.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa umma Amsterdam, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha kutengenezea bodi za magari kilikuwa adimu na kilitolewa kwa mgawo, ndipo kampuni ya Rover chini ya mhandisi Maurice Wilks ikaamua bodi iwe ya aloi ya alumini. Chasisi ikabaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura ulidumu mpaka Defender ya mwisho ya muundo ule ilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na ndio unaowadanganya wanunuzi mpaka leo. Bodi haishiki kutu. Unaweza kuipaka rangi mpya, ikang'aa, huku chini chasisi imekuwa maganda. Mjomba hagusi gari lililokulia Tanga au Dar es Salaam, hata likiwa na injini nzuri kiasi gani. Chumvi ya baharini huingia ndani ya boriti za chasisi, ambazo ni mabomba ya mraba yenye uwazi ndani, na kula kuanzia huko. Ukiona shimo kwa nje, ndani kazi imekwisha zamani. Inayotangulia kuoza ni boriti ya nyuma, pale tope la magurudumu linapojikusanya.

Kwa hiyo mtu akiniambia atakaa na Land Rover yake mpaka kufa, namuuliza inalala wapi na mara ya mwisho chini yake kulioshwa lini. Majibu hayo mawili yananitosha.

Ol Doinyo Lengai ulitokea mbele yetu mchana, umesimama peke yake, kilele chake cheupe. Huu ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa siku hizi lava yenye magadi, nyeusi inapotoka, kisha inageuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Majivu ya mlipuko wa 2007 na 2008 yalitanda juu ya malisho ya eneo zima. Mbele yake ni Ziwa Natron, maji ya magadi yenye kina kifupi, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huja kuzaa. Nimelipenda ziwa hili tangu mara ya kwanza nilipoliona, na ningesema mengi juu yake, lakini tulikuwa na gari la alumini na hapo ndipo jambo lilipo. Alumini haiogopi maji ya mvua. Magadi inayaogopa. Ukiacha tope la ziwani likaukie kwenye bodi, hasa pale alumini inapokutana na chuma cha fremu ya mlango, utakuta unga mweupe, na chini ya unga huo bodi imeanza kuliwa. Tulipofika Ngare Sero, mjomba hakwenda kutazama heroe. Alichota maji baridi ya mto yanayoshuka kutoka ukingoni, ndoo baada ya ndoo, akayabeba mpaka mbali na kingo, akamwagia chini ya gari. Mimi nilikwenda ziwani kwa miguu peke yangu.

Usiku ule tulilala kijijini kwa mama mmoja mfanyabiashara, mwenye Land Cruiser mkonga yenye bodi ya mizigo. Inapeleka sukari, unga na sabuni Waso na kurudi na maharage, na siku za mnada wa mifugo inabeba watu. Nilimwamkia, tukala, kisha nikamuuliza naye.

"Marehemu mume wangu aliliacha hili gari na watoto wanne," alisema. "Watatu wamesoma kwa hili. Huyu kitinda mimba yuko kidato cha tatu. Akimaliza chuo, mwanangu, hata likizimika hapo lilipo sina ninachokidai."

Hilo ndilo jibu bora nililopata safari nzima. Halikutaja mwaka, lakini unaweza kulihesabu.

Asubuhi wakati wa kuondoka, mama mwingine aliomba lifti ya kwenda Sale na watoto wawili. Nyuma ya 110 kuna mabenchi mawili yanayotazamana, hayana mikanda. Mjomba alinihamishia mimi huko, akawakalisha watoto kwenye viti vya katikati vinavyotazama mbele na kuwafunga mikanda aliyoiweka mwenyewe. Napenda kusema hili waziwazi, kwa kuwa mapenzi ya magari haya yanatufumba macho: ni magari ya kizamani hata katika namna yanavyomlinda aliyemo. Hakuna mfuko wa hewa, na dashibodi yake ni ngumu mbele ya magoti. Anayepanga kukaa nalo miaka kumi mingine apange pia nani atakaa wapi.

Kupanda ukingo kutoka Ngare Sero ni kazi ya gia ya nguvu. Njia inajipinda, mawe yamelegea, na chini kwa nyuma yako ziwa linapanuka kila kona. Hapo mjomba alianza kuzungumza. Mwaka 2011 alipita hapa usiku na mchana, katika miezi ile watu wa nchi nzima na nchi jirani walipokuwa wanakimbilia Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Magari madogo yaliyothubutu kuja yalipasuka sampu za oili na kuachwa kando ya njia, na Land Rover na Land Cruiser zote za mkoa zilikodiwa. Mjomba alibeba wagonjwa. Wengine hawakufika, wengine walifika na hawakupona, na hapendi kuulizwa kuhusu dawa yenyewe. Anachokumbuka ni kwamba gari halikugoma hata mara moja, na kwamba tangu wakati ule hakuweza tena kulitazama kama mali ya kuuzwa.

"Kwa hiyo huuzi," nikasema.

Hakunijibu mpaka tulipomaliza kona ya juu. Aliposimama, alikaa kidogo na mguu wa kushoto ameunyoosha.

"Klachi ya hili gari ni nzito," alisema. "Nikiwa na miaka arobaini sikuiona. Chasisi ikioza inachomelewa, mjomba. Goti nani atalichomelea?"

Kutoka pale mpaka Sale alinipa usukani. Klachi ni nzito kweli. Kisha tukaingia lami mpya ya Sale hadi Waso, gari likanyamaza ghafla chini yetu, tukasikia kitu kinachogonga kidogo upande wa difu la nyuma ambacho makunyanzi yalikuwa yamekificha tangu Selela. Lami hii itabadilisha mengi. Barabara ikitengenezwa, mwenye biashara wa Waso hatahitaji tena gari la kupanda mawe, na wapo watakaouza kwa sababu hiyo tu.

Yule kijana alikuwa anatungoja kwenye kituo cha mafuta. Alimwamkia mjomba, akavua koti, akalala chini ya gari na tochi na nyundo ndogo. Aligonga chasisi kuanzia mbele, hatua kwa hatua. Sauti ilikuwa kavu na safi mpaka alipofika boriti ya nyuma, pembe ya kulia, ambapo ilifanya puu. Akagonga tena. Mjomba akasema, kabla hajaulizwa, kwamba anaijua sehemu hiyo na alikuwa amepanga kuibadilisha yote badala ya kubandika kiraka.

Kijana akatoka chini, akajifuta mikono. Alieleza kwamba wageni wake wanaipenda Land Rover ya zamani, kwamba hatalikata wala kulirefusha, na kwamba Uingereza bado kuna wanaouza chasisi mpya zilizopakwa zinki, ingawa gharama ya kuisafirisha inatisha. Mjomba alimuuliza nani atakuwa fundi wake. Kijana akamtaja, na mjomba alikuwa anamfahamu. Nadhani hapo ndipo biashara ilipofanyika, kabla ya fedha yoyote kutajwa.

"Nitachanja misimu miwili zaidi," mjomba alisema. "Masika ya mwaka kesho kutwa yakiisha, njoo Arusha ulichukue. Kabla ya hapo usinipigie simu."

"Na boriti, mzee?"

"Boriti unanunua wewe, sasa hivi. Kuifunga nitalipa mimi."

Kijana alisema wagawane nusu kwa nusu yote mawili. Mjomba akakataa. Niliwaacha wakiendelea, nikaanza kushusha maboksi ya chanjo, kwa sababu barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na watu wa josho walikuwa wameshafika.