Kutoka Katuba mpaka mjini

Mama wenzangu, mwezi wa tisa unakaribia. Watoto wengi wanaoingia mwaka wa saba wataacha shule ya karibu na nyumba. Wa Katuba atapita komine ya Kenya, kisha Kamalondo, avuke reli ndipo aingie mjini Lubumbashi.

Mpitishe njia hiyo mapema, na si Jumapili barabara zikiwa tupu. Nendeni Jumatatu asubuhi, watu wakisukumana kupanda busi. Safari ya kwanza umwongoze. Ya pili yeye atangulie, wewe ufuate nyuma na unyamaze hata akikosea kona (hapo ndipo sisi wamama tunashindwa). Bomba refu la moshi la Gécamines linaonekana toka mbali: muulize liko upande gani akienda, na upande gani akirudi.

Akipotea, aulize mama aliyekaa kwenye meza yake ya biashara. Mtu anayejitolea kumpeleka, asimfuate.

Faranga za kurudi zikae mbali na za kula. Namba yako ya simu aijue kwa kichwa, maana karatasi italowa mvua zikianza. Mpatane pia saa ya kufika nyumbani. Ikipita, toka umpokee kwa njia ileile mliyopita pamoja.