Mama mwenye nyumba aliyegeuka mpangaji

Wiki hii, msomaji wangu, twende Marekani. Usihangaike na viza wala nauli, hata mimi sina. Tunakwenda kwa kusoma tu, maana vitabu havigongwi mihuri.

Tushukie Los Angeles, barabara ya Sunset Boulevard, karibu na inapokutana na Crescent Heights. Upande mmoja utaiona Chateau Marmont, jengo lililofunguliwa 1929 na baadaye likawa hoteli ya mastaa, na bado limesimama. Sisi tunatafuta namba 8152, upande wa pili. Utaitafuta mpaka macho yakutoke, huioni. Hapo ndipo alipokuwa akiishi Alla Nazimova.

Dada huyu alizaliwa 1879 mjini Yalta, Crimea, enzi hizo ikiwa ndani ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea uigizaji Moscow. Mwaka 1905 akatua New York na kundi la Pavel Orlenev. Walikuwa wakiigiza kwa Kirusi, na wahamiaji wenzao wa mitaa ya Lower East Side wakawa wanakwenda kuwatazama. Sifa zilikuwepo, mshiko ndio ukawa wa shida. Mwaka 1906 Orlenev akarudi Urusi. Alla akasema harudi mtu hapa.

Sasa sikiliza ujasiri wake. Bosi wa majumba ya tamthilia, Lee Shubert, akampa mkataba wa kuigiza kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Bidada akajifungia na mwalimu. Miezi michache baadaye, Novemba 1906, alikuwa jukwaani Princess Theatre, anaigiza Hedda Gabler ya Henrik Ibsen kwa kimombo. Watu hoi! Wangapi mtaani wanaota majuu, na ung'eng'e wanaoujua ni wa kwenye nyimbo tu?

Mwaka 1910 Shubert na nduguye wakafungua ukumbi mtaa wa 39 na kuupa jina lake. Hebu fikiria, miaka mitano tu tangu ashuke melini. Lakini jina halikukaa sana, likaondolewa, na miaka ya 1920 ukumbi wenyewe ukavunjwa.

Sinema nazo zikamwita. Inaelezwa kampuni ya Metro ilikuwa inamlipa dola 13,000 kwa wiki. Kwa wiki, nasema! Ndipo akanunua jumba lile la Sunset, lenye bustani na bwawa la kuogelea, akaliita Garden of Alla, yaani Bustani ya Alla. Mastaa wakawa hawabanduki.

Kosa lilikuja alipotaka kutengeneza filamu kwa fedha zake mwenyewe. Salome, iliyoonyeshwa 1923, ilikuwa ya ajabu kwa mavazi na mapambo, ila watazamaji waliikimbia. Mfuko ukatoboka. Kujiokoa akakubali uwanja wake ujengwe vijumba 25, na Januari 1927 nyumba ikafunguliwa kuwa hoteli. Biashara ikamshinda, akauza sehemu yake. Wenye mali wapya wakaongeza herufi moja tu, ikawa Garden of Allah. Jina lake likapotea hivihivi, kwa herufi moja!

Usidhani alikaa kulia. Alirudi jukwaani New York. Mwaka 1931 alikuwamo katika tamthilia ya Eugene O'Neill, Mourning Becomes Electra, na 1935 akaigiza Ghosts, ya Ibsen tena, wakosoaji wakamsifia upya.

Halafu likaja hili lililonifanya niandike. Uzee ulipoingia, Alla alirudi Sunset Boulevard, akakodi kijumba kimojawapo palepale. Mama mwenye nyumba akawa mpangaji, analipia kodi kiwanja alichokuwa anakimiliki. Wale ambao nyumba ya babu iliuzwa, sasa wanapita mbele yake kila siku wakienda kituoni, wanajua nasema nini. Alifariki Julai 13, 1945, akiwa na miaka 66.

Hoteli nayo ilivunjwa 1959, ikajengwa benki, na benki ikaja kuvunjwa. Ndiyo maana nasema huoni kitu.

Lakini mwanamke aliyeweza kupanda jukwaani kwa lugha ya miezi michache, bado nayo akatamba, huyo simhurumii sana. Mali ilimponyoka, kazi haikumponyoka. Siku nikipata nauli nitakwenda kusimama pale kwenye kona, hata kama ni pa kutazama hewa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.