Kalamu Isiyo na Wino

Mkono wa mtu una elimu yake, na elimu hiyo haisomwi vitabuni. Mfinyanzi huujua udongo kabla ya kuutazama, na msukaji wa mikeka huzungumza na jirani yake huku vidole vyake vikipanga ukindu bila ya kukosea. Kwa miaka mingi niliamini ya kuwa elimu hii hufa mara chombo cha kigeni kiingiapo kati ya kidole na kazi. Imani hiyo nilikwenda nayo nyumbani kwetu Kishanda, katika wilaya ya Muleba, nikarudi bila ya sehemu yake kubwa.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa ameniomba nimnunulie kibao cha kuchorea katika kompyuta. Nilimjibu ya kuwa karatasi ni rahisi, na ya kuwa mchoraji hodari hata mkaa humtosha. Kauli hiyo niliishika mwaka mzima. Mwishowe nilikinunua kwa kuona haya, maana mwalimu akataaye asichokijua hana haki ya kumlaumu mwanafunzi.

Kibao chenyewe ni bapa na cheusi, wala hakina cha kustaajabisha macho. Ndani yake mna wavu wa nyaya utoao nguvu za sumaku na umeme. Kalamu yake, isiyo na wino wala betri, hupokea nguvu hizo, ikatoa habari ya mahali ilipo na ya uzito wa mkono uikandamizao. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, imeieneza sana njia hii. Lakini wazo la kuchora katika kompyuta ni kongwe zaidi, kwani Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad huko Marekani mwaka 1963, akitumia kalamu ya nuru.

Mgeni wa kibao hupata taabu moja kubwa: mkono huchora mezani, na mstari huonekana kwenye skrini. Nilijaribu duara, likatoka kama yai lililokanyagwa. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Mjomba, usiutazame mkono. Uamini." Nikawakumbuka wasukaji wa mikeka.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa uso wa baba yangu. Baba alifariki nami nina miaka minne, na sura yake sinayo kichwani. Picha yake ilikuwa moja tu, nayo ilitundikwa ukutani. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoutikisa mkoa wa Kagera, ukuta ule ulianguka, na mvua ikatutangulia kuiokota picha. Uliosalia ulikuwa nusu uso. Kijana alianza na tufe katika programu ya Blender, itolewayo bure. Tufe hilo ni maelfu ya nukta zilizoungana: kalamu ikisukuma, hubonyea, ikivuta, huinuka, na kosa hutenguliwa kwa kubonyeza kitufe. Siku ya nne palikuwa na mtu kwenye skrini.

Mama yangu, ambaye macho yake yamekwisha kuzima, alituuliza tunatazama nini. Tukamwambia. Akanyosha mikono yote miwili, akasema, "Nipeni nimshike."

Tulinyamaza. Umbo lile lilikuwa ngozi tupu, lisilo na uzito wala mahali pa kuweka kiganja. Nakiri ya kuwa nilihisi furaha mbaya ya mtu aliyeonya akapuuzwa. Lakini mpwa wangu hakubishana na yeyote. Aliteremka bondeni, akarudi na udongo wa mfinyanzi, akakaa mbele ya skrini akiugeuza ule uso kila upande, na kuufuatisha kwa vidole.

Mama alikipapasa kichwa cha udongo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sikio hili si lake, lake lililala. Na taya mmelinenepesha." Kijana akarekebisha udongo chini ya vidole vya bibi yake, halafu akarudi kwenye kibao na kurekebisha huko. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa siku tatu, mimi nikiwa mpishi wa chai.

Jioni ya mwisho niliwafikiri wafua chuma wa jirani zetu wa Karagwe. Miongoni mwa hazina za mfalme Rumanyika, aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861, zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mfuaji hakukigusa chuma chekundu kwa kidole. Koleo na nyundo vilikaa kati yake na kazi yake, na hakuna asemaye ya kuwa mkono wake ulikufa. Basi umbali si adui wa mkono. Elimu ya mkono huuawa na kutomwuliza aliye nayo, na mimi, mwenye shahada zangu, sikupata kumwuliza mama yangu sikio la baba lilikuwaje.

Kichwa kile hakikuchomwa, nacho kilipokauka kilipasuka toka paji hadi kidevu. Mpwa wangu alitaka kukitupa, kwa kuwa uso kamili umehifadhiwa katika kompyuta. Mama alikataa. Kiko kando ya kitanda chake, na kila usiku hulipapasa sikio lililolala.