Motokaa Yangu na Homa ya Mchana

Msomaji mpendwa, kama unayo motokaa ya zamani, nakuomba usome habari hii mpaka mwisho. Mimi nilipoteza fedha nyingi, na nusura nipoteze rafiki, kwa kutojua jambo dogo.

Marehemu baba aliniachia Peugeot 404. Wazee watakumbuka kuwa ndiyo motokaa aliyoshindia Bert Shankland wa Tanzania mashindano ya Safari mwaka 1966, na tena mwaka 1967. Lakini kwetu hapa Ilala kazi yake ni kumpeleka mama mkwe kliniki kila mwezi, maana miguu yake haimruhusu kupanda daladala.

Basi ikaanza vituko. Asubuhi iliwaka mara moja na kunguruma vizuri. Lakini saa sita mchana, katika msongamano wa Barabara ya Uhuru kuelekea Kariakoo, injini ikishapata moto, ilikatakata, ikatetemeka, ikakosa nguvu. Siku moja ilizimika kabisa karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nyuma honi, mbele mikokoteni, na mama mkwe ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, tutafika?" Tulikaa juani nusu saa. Injini ilipopoa, ikawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Kila mara nilimpelekea fundi wangu wa Gerezani alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Yeye huiwasha, akasikiliza, akaiona nzima. Tukabadili plagi. Tukasafisha kabureta. Tukanunua pampu ya petroli. Ugonjwa ukabaki pale pale. Mara ya nne uvumilivu ulinishinda, nikamwita mwizi mbele ya vijana anaowafundisha kazi.

Hakunirudishia tusi. Alifuta mikono, akasema, "Kaka, kila siku unaniletea mgonjwa akiwa amepona. Niletee akiwa na homa."

Kesho yake nilikwenda saa saba mchana. Tukazunguka naye Kariakoo mpaka injini ikaanza kukatakata. Hapo hapo akanisimamisha, akafungua boneti, akachomoa waya wa plagi moja na kutazama cheche. Ilikuwa dhaifu, ya rangi ya manjano, wakati cheche nzima huwa ya buluu na yenye nguvu. Akabadili kondensa, kile kikopo kidogo cha kwenye distribyuta kinachozuia platini zisiungue. Hakugusa kitu kingine, kwa sababu ukibadili vitu viwili pamoja hujui kipi kilichoponya. Tukawasha tena, injini ikiwa bado ya moto. Cheche ikawa ya buluu, mngurumo ukatulia. Kumbe kondensa iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi, na joto likiipata hushindwa. Koili nayo ina tabia hiyo hiyo.

Nawe fanya hivyo. Tafuta ugonjwa wakati injini ni ya moto, na uanze na cheche. Ikiwa ni nzuri, geukia petroli: weka kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu na bomba lake. Motokaa ikipata nafuu, ujue petroli inageuka mvuke humo ndani kwa joto. Lakini jihadhari: usipime cheche penye petroli iliyomwagika, usishike waya ule kwa mkono mtupu, wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maana maji yake yatakuunguza.

Nilikuwa nimemtukana fundi mbele ya watu, kwa hiyo nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale. Haikuwa rahisi. Mwezi uliofuata mama mkwe alifika kliniki mapema, akapata nafasi ya kukaa kivulini.

Msomaji, kabla hujamwita mwenzako mwizi, jiulize kama umempa nafasi ya kuuona ugonjwa wenyewe. Mimi sikumpa.