Tajiri wa Mtumbwi Mmoja

Kando ya Ziwa Victoria, mwenye chombo cha kuvulia huitwa tajiri. Haijalishi ana mitumbwi kumi au ana mmoja unaovuja. Mimi ni mwalimu wa sekondari Bariadi mjini. Mshahara wangu huisha kabla mwezi haujafika katikati, lakini kwenye mwalo mmoja wa wilaya ya Busega kuna wanaume wanne wanaoniita tajiri, na wawili kati yao wana umri wa kunizaa.

Ukitaja Simiyu, watu hufikiria pamba, ng'ombe na vumbi. Wachache wanakumbuka kwamba mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, una dirisha la ziwa. Busega ilitoka Magu na kuja na kipande cha Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo ina jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake, wakati Wasukuma walikuwa na neno lao tayari: nyanza. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kama kilomita 70 za lami. Ukifika pale, upande mmoja una Serengeti na upande mwingine una maji.

Baba alipofariki mwaka 2021 alituachia nyumba, ekari nne za pamba na mtumbwi. Neno lenyewe lisikudanganye. Hili si gogo lililochongwa katikati. Ni chombo cha mbao kilichopigiliwa misumari juu ya mkuku, urefu wake mita nane, kikiwa na injini ya nguvu za farasi 15 nyuma. Kilijengwa mwaka 2009. Kwa gari, huo si uzee wa kutisha. Kwa mbao zinazolala majini mwaka mzima, ni uzee. Misumari hula kutu na mbao hulainika kuanzia ndani, hivyo ukitazama kwa nje huoni kitu mpaka ubonyeze kwa kisu.

Mdogo wangu, aliye chuo Mwanza, alitaka tuuze upesi. Hesabu zake zilikuwa sawa kabisa: ada yake ilikuwa inadaiwa, na kila mwezi tunaochelewa bei inashuka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huo mtumbwi ndio uliomsomesha dada yako. Kabla hamjauuza, kauangalieni kwanza kama umechoka."

Fundi aliupindua ufukweni na kuanza kuuchokonoa. Alinionyesha jinsi maungio ya mbao yanavyozibwa. Huchukua pamba, huisokota na kuishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo huitwa kalafati. Nimekulia kwenye pamba. Nimeipalilia, nimeichuma, nimelala juu ya marobota yake. Sikuwahi kufikiri kwamba pamba ndiyo inayozuia ziwa lisiingie kwenye chombo cha baba yangu. "Mbao zikikaa juani zinasinyaa, mwalimu," fundi alisema. "Zikirudi majini zinavimba na kuibana pamba. Kwa hiyo mtumbwi usiofanya kazi unakufa haraka kuliko unaofanya kazi." Alihesabu mbao tano za kubadilisha, zote za chini.

Tuliamua kuutengeneza, na mdogo wangu akakubali kwa sharti kwamba fedha ya kwanza itakayopatikana iende kwenye ada. Nilichukua mkopo wa chama cha kuweka na kukopa cha walimu. Kwa kuwa sasa nilikuwa nadaiwa, nikaanza kuwaza jambo ambalo Baba hakuliwaza kwa miaka yote ile: bima.

Ukweli wa ajabu ni kwamba bima kama tunavyoijua ilikulia kwenye vyombo vya majini. Mwishoni mwa miaka ya 1600, wenye meli na wafanyabiashara wa London walikutana kwenye mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd na kugawana hatari za safari. Ikizama meli, hasara ilisambaa kwa wengi badala ya kumwangukia mmoja. Gari lilikuja baadaye sana. Nilimwendea wakala wa bima nikiwa na historia hiyo kichwani, nikidhani narudi nyumbani kwa bima.

Alikuwa kijana mpole. Aliniuliza kama chombo kimesajiliwa. Kilikuwa kimesajiliwa, na leseni ya uvuvi ya halmashauri nilikuwa nayo. Akauliza kama nina ripoti ya mkaguzi inayoonyesha thamani yake. Sikuwa nayo. Akauliza risiti ya ununuzi. Nikamweleza kwamba Baba alimlipa fundi ng'ombe wawili na fedha taslimu. Alitabasamu, akaweka kalamu chini. Angeweza kuikatia pikipiki bima kwa dakika kumi, alisema, kwa sababu pikipiki ina namba, ina bei inayojulikana na ina sheria inayomlazimisha mwenye nayo. Mtumbwi wa mbao wa zaidi ya miaka kumi ni habari nyingine. Hata akipatikana mkaguzi, uchakavu wa kawaida haulipwi, na injini ikiibwa bila mlinzi hailipwi. Nilipotoka nje nilikuwa nimeelewa: mbao kuoza na injini kuibwa ndiyo mambo mawili yanayowaliza matajiri wa mwaloni kwetu, na yote mawili yalikuwa kwenye orodha ya yasiyolipwa.

Sikumlaumu. Kampuni ya bima huuza ahadi, na ahadi inahitaji hesabu. Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,000, na humo vinaelea vyombo visivyo na risiti wala ripoti. Ila uzee peke yake si hukumu. MV Victoria iliingia kwenye maji haya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baada ya kukaa miaka bila kazi ilikarabatiwa ikarudi safarini mwaka 2020. Na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na gati la Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Chombo huzama kwa umri, na huzama pia kwa namna kinavyotumiwa.

Basi nikafanya yale ambayo bima ingenitaka niyafanye kama ingenikubali. Mbao tano zikabadilishwa na kalafati ikarudiwa yote. Injini haikununuliwa mpya. Ilifunguliwa, ikabadilishiwa vipuri vilivyokwisha, na ikapata mnyororo na kufuli ili ilale nyumbani kwa nahodha nyakati za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa. Karabai za kuvutia dagaa zikapisha taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Mwisho nikanunua majaketi okozi manne. Nahodha aliyapokea kwa adabu, kisha akaniambia ukweli: ukivuta nyavu usiku jaketi linachoma mwili na kuzuia mikono, kwa hiyo wengi huyakalia. Tulibishana sana siku ile. Tukaafikiana kwamba upepo ukianza kubadilika, kila mtu anavaa, na asiyevaa hapati mgawo wa usiku huo. Sharti hilo alilitunga yeye, siyo mimi.

Tulipokuwa tunamaliza mazungumzo hayo, mke wake alikuwa anaanika dagaa pembeni. Aliuliza bila kunitazama, "Tajiri, hiyo bima uliyokuwa unaitafuta, ni ya mbao au ya watu?"

Nilirudi kwa wakala wiki iliyofuata na swali lake. Safari hii uso wake ulikunjuka. Watu, alisema, tunaweza. Ipo bima ya ajali kwa kikundi, na haijali mtumbwi una miaka mingapi. Anachotaka ni majina kamili, namba za vitambulisho, na jina la mrithi wa kila mmoja. Ada yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. Tukakubaliana mwaloni kwamba itakatwa kwenye mauzo kabla ya kugawana, baada ya mafuta. Yaani sote tunailipa, tajiri na wavuvi.

Kujaza fomu ile ndiko kulikochukua muda kuliko kubadilisha mbao. Wavuvi huhama kambi hadi kambi wakifuata samaki, na huko hujulikana kwa majina ya utani. Mmoja alikuwa hajawahi kupata kitambulisho cha taifa, tukamsindikiza kujiandikisha. Mwingine alikuwa na wake wawili, mmoja Busega na mmoja Ukerewe, akaomba nafasi ya mrithi iachwe mpaka azungumze nao. Nahodha aliandika jina la mkewe bila kusita, na mkewe akaomba aoneshwe limeandikwaje.

Aliyebaki alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mpole, aliyekuja mwaloni akitokea Meatu baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa kwao. Alishika kalamu muda mrefu. Wazazi wake walishafariki, na mke hakuwa naye. Nikamwambia anaweza kuandika ndugu yeyote. Akafikiri tena, kisha akaandika jina la dada yake mdogo, anayesoma darasa la sita, na pembeni yake, mahali palipoandikwa namba ya simu, akaweka namba ya mwalimu mkuu wa shule yake.

"Hana simu," alinieleza. "Ila shuleni wanamfahamu."

Mtumbwi wenyewe mpaka leo hauna bima.