Buti Nilizompa Kijana wa Mlimani

Somo: 1 Samweli 17:38–39

Sisi wa Holili tunauona mlima kwa mbali kidogo. Huku chini ni tambarare yenye joto na vumbi, na malori hupanga foleni kuvuka mpaka kwenda Taveta. Lakini asubuhi mawingu yanapoondoka, Mawenzi na Kibo husimama wazi mbele yetu, na vijana wetu wengi wanakula kutokana na mlima huo. Wao ni wapagazi, au kama wanavyojiita wenyewe, wagumu.

Naandika habari za mmoja wao, kwa ruhusa yake. Zaidi ya hapo, naandika habari za kosa nililomfanyia nikidhani natenda wema.

Miaka michache iliyopita usharika wetu ulipokea sanduku la nguo na viatu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Tulilifungua sakristia, mimi na wazee wa kanisa wawili. Chini kabisa tulikuta jozi mbili zilizotushangaza. Jozi ya kwanza ilikuwa viatu vya plastiki ngumu, virefu kukaribia goti, vyenye vifungo vinne vya chuma. Mzee mmoja aliuliza kama ni vya askari au vya mgonjwa aliyevunjika mguu. Kumbe ni vya kuvaa mtu anapoteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba. Mchezo huo si mgeni kabisa kwenye mlima wetu, maana mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao. Lakini Holili nani angezitumia? Tulicheka, tukaviweka pembeni.

Jozi ya pili ilikuwa buti za ngozi za kupandia mlima, nzito, ndefu kupita kifundo cha mguu, karibu mpya. Namba yake 45. Hapo hapo nilimkumbuka kijana huyu, ambaye siku zote alipanda mlima kwa raba zilizochakaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kabla mnada wa sadaka haujaanza, nilimwita mbele ya watu. Nilisema maneno mengi kuhusu diakonia. Nilimkabidhi buti, nikamwombea, washarika wakapiga makofi na vigelegele. Mama yake alifuta machozi. Sikumwuliza anavaa namba ngapi. Anavaa 42.

Aliondoka na wageni kwa njia ya Marangu. Ili buti zisimpwaye alivaa soksi jozi tatu, akakaza kamba kwa nguvu zote kule juu, penye ugoko. Kupanda hakukuwa na shida kubwa. Shida ilianza kwenye kushuka. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,720, na kutoka hapo hadi lango la Marangu ni mteremko wa zaidi ya mita 2,800 unaoshukwa kwa siku mbili. Siku ya mwisho peke yake, kutoka Horombo hadi langoni, ni karibu kilomita 20. Mgongoni au kichwani una mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20. Kila hatua mguu wake uliteleza mbele ndani ya buti, na mfupa wa ugoko ukagonga ukingo mgumu wa ngozi. Maelfu ya hatua, mahali pale pale.

Alifika nyumbani akichechemea, goko zote mbili zimevimba. Safari mbili zilizofuata alizikosa, na mpagazi asiyepanda halipwi. Ada ya wadogo zake ilitegemea safari hizo.

Mimi sikujua lolote. Niliambiwa na mama yake wiki ya tatu, nilipouliza mbona kijana haonekani kwaya. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba Mchungaji, amelala ndani, miguu inamsumbua." Nilikwenda jioni ile ile. Kijana alitaka kusimama anipe shikamoo, nikamzuia. Buti zilikuwa chini ya kitanda, zimepigwa rangi, zinang'aa. Nilimwuliza, "Kwa nini hukuniambia hazikutoshi?"

Aliinama. "Ningesemaje, Baba Mchungaji? Mlikuwa mmeshaniombea."

Ndugu msomaji, nimesoma theolojia kwa miaka kadhaa na kuhubiri kwa miaka mingi zaidi, lakini sina hubiri lililonichoma kama jibu hilo.

Usiku ule nilifungua 1 Samweli 17. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilisimama upande wa Daudi. Safari hii nilimtazama Sauli. Biblia inatuambia mapema kwamba Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, wengine wakimfikia mabegani. Basi mtu huyu mrefu anachukua mavazi yake ya vita na kumvika kijana mchungaji wa kondoo. Sioni kwamba alikuwa na nia mbaya. Alimpa kilicho bora alichokuwa nacho. Lakini alimpa kwa kipimo chake mwenyewe. Daudi alijaribu kutembea, akaona haiwezekani, akasema wazi kwamba hajazoea vitu hivyo, akavivua.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, Daudi alithubutu kumwambia mfalme kwamba zawadi yake haimfai. La pili, hatusomi kwamba Sauli alikasirika. Siku ile, angalau kwa jambo lile, aliacha kijana avue. Mimi sikumwachia kijana wangu nafasi hiyo. Nilimvika mbele ya watu na nikaweka sala juu yake kama kufuli. Baada ya kusema amina, nani angethubutu kuvua?

Mungu ana njia zake za kufundisha. Mwezi ule tulimpokea mgeni, mama mmoja muuguzi kutoka nchi ya baridi, aliyekulia kwenye skii. Alipoviona vile viatu vya plastiki sakristia alicheka, kisha akaniambia nivivae. Nilitembea hatua kama ishirini, nikasikia goko zangu zinalia. Nikamsimulia habari za kijana. Akasema ni ugonjwa ule ule, viatu ndivyo tofauti. Jioni hiyo tulikwenda wote kumwona, na aliyotufundisha nayaandika hapa, kwa kuwa wapo wengi kati yetu wenye watoto mlimani.

Watu wengi hudhani ugoko huuma kwa sababu kiatu kinabana. Mara nyingi sababu ni kwamba kinapwaya. Ugoko hauna nyama mbele, ni ngozi juu ya mfupa. Ukiegemea kiatu wakati wote, kwa utulivu, hauumii sana. Kinachoumiza ni kuachana na kiatu kisha kugongana nacho tena, hatua baada ya hatua. Ndiyo maana hata wachezaji wa skii huambiwa wasiegemee nyuma, bali goko zao zikae zimegusa ulimi wa kiatu.

Soksi nyingi haziponyi kiatu kikubwa. Zinasinyaa, zinajikunja, na kila mkunjo ni kama kijiti kinachosukumwa kwenye mfupa. Soksi moja nzuri inatosha, iliyovutwa ikanyooka. Pindo la suruali libaki nje ya buti.

Kabla ya kufunga kamba, gonga kisigino chini ili kikae nyuma kabisa. Kaza vizuri juu ya unyayo na kwenye kifundo, maana hapo ndipo mguu unaposhikwa usiteleze. Huku juu penye ugoko funga kwa kiasi. Kijana wetu alikuwa amefanya kinyume: chini alilegeza, juu akanyonga. Kabla ya kuanza kushuka, simama ufunge upya.

Na ukiisha kuumia, pumzika. Inua mguu. Chupa ya maji iliyoganda, iliyofungwa kwa kitambaa, iwekwe juu ya ugoko kwa dakika 15 hadi 20, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Usichue kwa nguvu palipovimba. Unaporudi kazini, weka kipande laini cha sponji kuzunguka palipouma, si juu yake, ili uzito ubebwe na pembeni. Lakini kama ukibonyeza sehemu moja ya mfupa inauma sana, au inauma hata usiku umelala, usijikaze kiume, kwani huenda mfupa umepata ufa, nenda hospitali. Na kama mguu umekuwa mgumu, unauma kupita kiasi au unakufa ganzi, nenda hapo hapo, usingoje kesho.

Kijana alipimwa, na kwa neema ya Mungu mfupa ulikuwa mzima. Buti zile aliziuza Himo, kwa baraka zangu, na kwa fedha hizo pamoja na nyongeza kidogo alinunua za namba yake. Tulijua pia kwamba Moshi kuna shirika linaloitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo huwaazima wapagazi mavazi na viatu vya mlimani bila malipo. Msaada ulikuwa karibu namna hiyo, na mimi sikuwa nimeuliza.

Baada ya hapo nilisimama mbele ya usharika, mahali pale pale nilipomkabidhi zawadi, nikaomba radhi. Haikuwa rahisi. Wapo waliosema mchungaji hapaswi kuomba radhi kwa kutoa zawadi. Lakini makofi yalikuwa ya hadharani na maumivu yakawa ya chumbani, kwa hiyo nikaona toba nayo iwe hadharani.

Tangu hapo kamati yetu ya diakonia imebadili utaratibu. Mwenye uhitaji tunamwita faragha. Kama ni viatu, aje jioni, wakati miguu imetanuka kidogo kwa shughuli za mchana, aje na soksi anazotumia. Anashuka ngazi za kanisa mara kadhaa. Vidole vikigonga mbele au kisigino kikipanda, tunamwambia, "Vua, mwanangu, si vyako." Tunalisema sisi kwanza, ili yeye asilazimike.

Nimeona kwamba viatu ni mwanzo tu. Mara ngapi tumewavika watu mavazi yetu ya vita? Mjane anaambiwa aache kulia kwa sababu sisi tumepima kwamba siku zake za kulia zimetosha. Kijana anasukumwa kusoma kile ambacho baba alikitamani ujana wake. Mwenye mashaka anapewa jibu lililotufaa sisi, kisha tunamwombea haraka, na baada ya amina anaona aibu kusema kwamba bado panauma. Anakwenda kulala ndani na buti ziko chini ya kitanda, zinang'aa.

Bwana wetu alimwuliza kipofu kule Yeriko anataka afanyiwe nini. Alikuwa anajua, hata hivyo aliuliza, akangoja jibu. Na aliposema nira yake ni laini, nawaza kwamba alisema kama fundi seremala, anayejua kuwa nira isiyopimwa humchubua ng'ombe shingo hata kama mzigo ni mwepesi.

Kijana bado anapanda mlima, na Jumapili akiwa nyumbani anaimba besi. Vile viatu vya skii viko ofisini kwangu, karibu na mlango. Kila anapokuja mtu mwenye shida nami nikaanza kuwa na haraka ya kusaidia, navitazama, kisha namwuliza kwanza.

Mungu atupe mikono ya kutoa na masikio ya kuuliza. Na wewe uliyevikwa kisichokutosha, Mungu akupe ujasiri wa Daudi wa kusema hivyo bila hofu. Amina.