Panda Juu, Lala Chini

Mpwa wangu Rehema,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma kwa makini pamoja na maelezo ya ile nyumba ya Breckenridge, Colorado, ambayo wewe na mkwe wangu Bakari mnakusudia kuinunua mkishastaafu. Sitakuandikia kama ambavyo wazee wengi wangekuandikia, kwamba theluji ni ya watu wengine na kwamba mtu akimaliza kazi arudi kwao akapande minazi. Skii mnaipenda kwa dhati, pesa mmeitolea jasho, na mtu aliyefanya kazi zamu za usiku miaka yote hiyo ana haki ya kuchagua atazeekea wapi. Ninalolipinga ni jambo moja tu, nalo ni kulala huko juu. Rai yangu ni kwamba mzee apendaye skii aishi katika mji wa chini wenye hospitali kubwa, watu wake na barabara zaidi ya moja, ulio karibu na mlima. Mlimani aende asubuhi, jioni arudi kwake.

Waongozaji wa Kilimanjaro wana kanuni ambayo wageni huambiwa mapema: panda juu, lala chini. Kwenye njia ya Machame watu hupandishwa hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, kisha siku hiyohiyo huteremshwa kulala Barranco, karibu mita 3,900. Mwili hujizoeza kwenye kimo, lakini hupumzika na kujijenga vizuri zaidi ukiwa chini. Sasa tazama Breckenridge. Mji wenyewe, achilia mbali vilele vyake, uko mita 2,926 juu ya usawa wa bahari. Mandara, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza, ni mita 2,720. Maana yake mtakuwa mnapika, mnafua, mnaugua mafua na kuzeeka mahali palipo juu kuliko Mandara, nanyi mnatoka Minneapolis ambayo haifiki hata mita 300. Mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huja na oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 30. Mwili wa kijana hujirekebisha baada ya muda. Wewe ni muuguzi, unayajua kuliko mimi yanayompata mtu wa miaka 75 mwenye moyo uliochoka au mapafu yenye maradhi: usiku anapolala ndipo oksijeni ya damu hushuka zaidi. Ndiyo maana katika miji ile mashine ya oksijeni kando ya kitanda si kitu cha ajabu, na wapo waliojenga nyumba za ndoto zao kisha daktari akawaambia wateremke.

Kuna pia jambo la damu yetu, ambalo wauzaji wa nyumba hawatawaambia. Watu wengi wa pwani na wa kanda ya ziwa wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua selimundu yenyewe, na wengi wao huishi maisha yote wasijue. Madaktari wameandika visa vya wabebaji wa namna hiyo ambao bandama zao ziliumia baada ya kupanda nyanda za juu, na baadhi ya visa hivyo vimetokea Colorado. Havitokei kila siku, wala sivitaji ili niwatie hofu. Lakini anayekwenda kwa likizo ya wiki moja akipata maumivu ya ubavu wa kushoto hushuka, mambo yakaisha. Aliyeweka rehani ya nyumba hashuki kirahisi. Pimeni nyote wawili kabla ya kuweka saini popote.

Tuje kwenye hospitali na barabara, maana hapa ndipo naona hesabu yenu imepungua zaidi. Hospitali iko Frisco, mwendo mfupi kutoka Breckenridge, na mifupa inaijua vizuri kwa sababu mifupa ndiyo inayoletwa pale msimu wote wa skii. Lakini upasuaji mkubwa wa moyo, kiharusi kizito, saratani inayotaka wataalamu watatu kwa wakati mmoja, hayo kwa kawaida ni ya Denver, zaidi ya kilomita 120, kwa barabara kuu inayopita handaki la Eisenhower kwenye kimo cha mita 3,400 hivi. Dhoruba ikichacha barabara hufungwa na helikopta hazipai. Jumapili ya msimu, hata bila dhoruba, msururu wa magari ya watu wanaorudi Denver hujaza njia hiyo mpaka usiku. Tena usifikiri hatari ya mzee iko mteremkoni. Mteremkoni ana buti zilizobana, kofia ngumu na macho yote mbele. Hatari iko kwenye ngazi ya mlangoni, ambapo theluji iliyoyeyuka mchana imeganda usiku ikawa barafu nyembamba isiyoonekana, naye anatoka na ndala na mfuko wa takataka mkononi.

Angalieni pia ni nani anayeiendesha miji hii. Juni 2024 kipande cha barabara ya Teton Pass kiliporomoka. Ile ndiyo barabara iliyokuwa ikiwaleta Jackson, jimbo la Wyoming, wafanyakazi wengi wanaoishi ng'ambo ya mlima, Idaho, kwa kuwa nyumba za Jackson hazishikiki kwa mshahara wa mwalimu wala wa mwuguzaji wa wazee. Kwa wiki kama tatu watu hao walizunguka njia ndefu kufika kazini. Desemba mwaka huohuo, kule Park City, Utah, waokoaji wa miteremko waligoma karibu wiki mbili katikati ya sikukuu, wakidai malipo yanayolingana na gharama za maisha ya mahali wanapofanya kazi. Mji ambao fundi bomba, dereva wa basi na msaidizi wa wagonjwa wanalala wilaya nyingine unapendeza ukiwa na miaka 60 na nguvu zako. Ukifika 80, ukahitaji mtu wa kuja asubuhi kukusaidia kuoga, utatambua kwamba mtu huyo hayupo, au yupo lakini yuko upande wa pili wa barabara iliyofungwa.

Najua Bakari atasema wapo wazee waliokaa juu na kuteleza mpaka uzeeni sana, na kweli wapo. Klaus Obermeyer, aliyeanzisha kampuni ya nguo za skii mwaka 1947, alitimiza miaka 100 mwaka 2019 akiwa mkazi wa Aspen, zaidi ya mita 2,400. Simkatai. Ila yeye alihamia huko akiwa kijana, mwili wake ukazoea kidogokidogo, na tunamwona yeye kwa kuwa waliolazimika kushuka hawabaki pale wahesabiwe. Mimi ningemtazama zaidi Herman Smith-Johannsen, yule Mnorwe wa Kanada waliyemwita Jackrabbit. Alizaliwa 1875, akafariki 1987, na alikuwa bado anavaa skii baada ya kupita miaka 100. Skii yake ilikuwa ile ya kutembea, ya kukata misitu na nyika kwa miguu yako mwenyewe, aina ileile iliyompeleka Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Tena aliishi kwenye vilima vya Laurentides, Quebec, ambavyo mbele ya Milima ya Rocky ni vichuguu tu. Magoti yenu yakikataa mteremko mkali, skii mtakayobaki nayo ni hii, na hii haihitaji nyumba chini ya lifti. Inahitaji njia nzuri, jirani wa kwenda naye na mapafu yanayopumua vizuri usiku.

Hoja yenye uzito kuliko hiyo ni ya theluji yenyewe. Dunia inazidi joto, mtaniambia, na theluji ya uhakika inazidi kupanda juu, kwa hiyo anayenunua nyumba leo anunue juu. Ni kweli inapanda. Barafu za milimani Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Chacaltaya, Bolivia, kituo cha skii kilichokuwa juu ya mita 5,000, kilishuhudia barafu yake ikiisha kabisa mwaka 2009, na sisi tulio karibu na Kilimanjaro hatuhitaji kuhadithiwa jambo hilo. Lakini yote haya yanahusu mahali pa kutelezea, hayahusu mahali pa kitanda. Anayeishi chini, akiwa na milima kadhaa ndani ya saa moja, huenda kwenye ule uliopata theluji mwaka huo. Aliyefunga akiba yake yote kwenye nyumba iliyo mguuni mwa mlima mmoja amefungamanisha uzee wake na mawingu ya mahali pamoja. Theluji ikikata misimu mitatu mfululizo, anapoteza mchezo na bei ya nyumba kwa pamoja, wakati ambapo hawezi tena kurudi kazini kuziba pengo.

Kwa hiyo mimi ningewapeleka bonde la Salt Lake, Utah. Jiji liko karibu mita 1,300, chini hata ya Denver. Lina hospitali ya chuo kikuu, uwanja wa ndege mkubwa usio mbali na mjini, na vituo vya Alta, Snowbird, Brighton na Solitude viko mwendo wa chini ya saa moja barabara zikiwa wazi. Mguu wa Alta uko mita 2,600, na msimu wa 2022–2023 theluji iliyoanguka pale ilikuwa karibu mita 23. Wazee hawakosi pia, kwani kuna kundi lao linalojiita Wild Old Bunch linalokutana mlimani na kuteleza pamoja. Na zingatieni yanayotokea Alta theluji ikizidi: kwa hofu ya maporomoko, barabara ya bonde hufungwa na walio juu huamriwa wasitoke ndani ya majengo, kwa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima. Aliye chini siku hiyo anakunywa chai yake na kungoja. Aliye juu anayehitaji kusafishwa damu anaomba dua.

Salt Lake si pepo, na sitawauzia kama dalali. Wakati wa baridi hewa ya juu yenye joto hulifunika bonde, moshi wa magari na viwanda ukabaki chini kwa siku kadhaa, na wenye pumu huteseka. Ziwa lao kubwa la chumvi nalo linakauka: mwaka 2022 lilishuka kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, na vumbi la sakafu yake lina madini yasiyofaa kuvutwa. Bakari akiwa bado na kifua kile kinachombana, hili si la kupuuzwa. Hapo ningewaelekeza Burlington, Vermont, mji ulio karibu mita 60 tu, kando ya ziwa, wenye hospitali ya chuo kikuu, na milima ya Stowe na Bolton Valley si mbali. Theluji ya mashariki ni ya barafu na mvua huichafua mara kwa mara, mtailalamikia. Lakini afadhali kulalamikia theluji kuliko pumzi.

Miji hiyo miwili ina kitu kingine, ambacho kwangu kina uzito kuliko lifti zote. Wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Somalia wamewekwa huko kwa miaka mingi, na Kiswahili hukikosi. Misikiti ipo. Rehema, mtu akistaafu huacha nusu ya watu wake kazini, na atakaobaki nao ni wale wa kusalimiana nao dukani, wa kufuturu nao, wa kumwita usiku mwenzake akiishiwa nguvu. Na siku ikifika, wawepo wa kumwosha, kumkafini na kumzika kama inavyotakiwa, bila mjane kupiga simu majimbo matatu akitafuta wanaojua. Waulizeni hao wenye nyumba ya Breckenridge jambo hili, msikie watajibu nini.

Mama yako atauliza kwa nini msirudi Tanga moja kwa moja. Mimi sitawalazimisha, na sababu mojawapo ni ya karatasi: Medicare, bima mtakayoipata mkifika miaka 65, hailipii matibabu nje ya Marekani isipokuwa kwa hali chache sana. Mkiiacha Sehemu B ya bima hiyo ili kuokoa michango, kisha mkaitaka tena baadaye, mchango huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili mliyokaa bila sehemu hiyo. Basi gaweni mwaka. Lifti nyingi husimama Aprili, miji ya skii ikabaki na tope na maduka yaliyofungwa. Huo ndio wakati wa kuja huku, mkae Lushoto au hapa mjini mpaka mchoke, kisha mrudi kabla ya Novemba.

Msinunue chochote kwa sasa. Pangeni nyumba Sandy au Cottonwood Heights, katika bonde la Salt Lake, mwaka mzima, muione na Januari ile ya moshi, mjue ni dakika ngapi kufika hospitali saa mbili usiku. Kipimo cha selimundu na cha mapafu ya Bakari kifanyike kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, na majibu yake niandikie.

Wasalimie watoto.

Mjomba wako,
Tanga